Maswali ya Wasomaji: Nyumbani Baada ya Kung'olewa Gego la Mwisho

Katika bahasha za mwezi huu nimekuta barua kadhaa zinazohusu gego la mwisho, lile linaloota nyuma kabisa ya taya kwa kawaida kati ya umri wa miaka 17 na 25, na ambalo wengine huliita jino la hekima. Waandishi wake wako mbalimbali hapa Uganda, kuanzia Arua hadi Kasese, lakini wote wanauliza kuhusu zile siku ambazo mgonjwa yuko nyumbani na daktari hayupo. Nimezipa barua hizo safu nzima. Katika kazi yangu ya udaktari wa meno nimeona mara nyingi mno kwamba maelezo ya kujitunza hutolewa wakati mgonjwa bado ana ganzi, ana shashi mdomoni, na mawazo yake yako kwa mwenye bodaboda anayemsubiri nje; akifika kwake, nusu ya aliyoambiwa imeshapotea.

*Daktari, salaam. Juzi niling'olewa gego la chini upande wa kushoto. Nilipofika nyumbani mate yalikuwa mekundu mpaka usiku, nikawa natema kwenye beseni kila mara, na kadiri nilivyotema ndivyo damu ilivyozidi. Leo asubuhi nimejiangalia kwenye kioo nikaona kitu cheupe ndani ya tundu. Dada yangu mkubwa anasema ni usaha, anataka nikifute kwa pamba yenye spiriti. Nifanye hivyo?*
— Mama wa watoto wawili, Jinja

Mama, pole sana, na nakuomba kwanza uiweke hiyo pamba chini. Kwa jinsi ulivyokieleza, hicho cheupe huenda si usaha hata kidogo. Damu inapojaa katika tundu la jino huganda ikawa donge lenye wekundu uliokolea kama kipande cha ini, na baada ya siku moja au mbili uso wa donge hilo hufunikwa na utando laini, mweupe au wa manjano hafifu, unaong'aa kwa mate. Utando huo ni nyuzinyuzi za damu iliyoganda pamoja na chembechembe ambazo mwili umezituma pale kujenga nyama mpya. Usaha una dalili zake: hutoka ukibonyeza ufizi, hunuka, na huandamana na uvimbe unaoongezeka au homa. Kama huna hayo, ulichonacho ni kidonda kinachopona, na ukikifuta utakuwa umebandua bandeji ambayo mwili wako umejitengenezea na ambayo hakuna duka la dawa linaloiuza.

Naomba wasomaji wote walielewe donge hilo, kwa sababu karibu kila jibu nitakalotoa leo linatoka hapo. Chini yake kuna mfupa mtupu na ncha za mishipa ya fahamu. Donge likikaa mahali pake, nyama huota juu yake, ufizi hulifunika tundu katika muda wa wiki tatu hadi nne, na mfupa huendelea kujijaza taratibu kwa miezi kadhaa bila mwenyewe kuhisi chochote. Donge likitoka mapema, mfupa hubaki wazi kwa hewa, mate na chakula, na maumivu yake ni ya namna nyingine kabisa, kama msomaji wa Tororo atakavyotusimulia hapa chini.

Hiyo ndiyo sababu kutema kulikuzidishia damu. Mtu anapotema, mashavu na ulimi huvuta kwanza kabla ya kusukuma nje, na mvuto huo hulilegeza donge likiwa bado bichi. Mate yakijaa katika saa 24 za mwanzo, inamia beseni, fungua mdomo, uyaache yamwagike yenyewe. Yaliyo machache unaweza kuyameza. Wekundu wake pia usikutishe sana, kwa maana tone dogo la damu hupaka rangi mate mengi, na mate ya rangi ya waridi siku nzima ya kwanza ni jambo la kawaida.

Kuhusu ile shashi, hukunieleza uliing'ata kwa muda gani, lakini nina wasiwasi kwamba ulikuwa ukiitoa kila baada ya dakika tano kuangalia kama damu imekatika. Wengi hufanya hivyo. Shashi ing'atwe kwa nguvu ya wastani, bila kuongea wala kuchungulia, kwa dakika 30 hadi 45, kwa sababu kinachozuia damu ni mgandamizo wenyewe. Damu ikianza tena usiku, kunja shashi safi, ilowanishe kidogo kwa maji safi, uiweke juu ya tundu lenyewe na si juu ya meno ya jirani, kisha kaa wima uing'ate tena kwa nusu saa. Asiye na shashi anaweza kutumia mfuko wa majani ya chai uliolowekwa kwenye maji yaliyochemshwa, ukaachwa upoe kabisa na kukamuliwa. Majani ya chai yana asili ya kukaza, inayosaidia damu kuganda. Ukifanya hivyo mara mbili na damu bado inaujaza mdomo, rudi kwa aliyekung'oa au nenda hospitali bila kungoja kukuche. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande, au ambaye katika ukoo wake kuna watu wanaotokwa damu isiyokatika, analazimika kumwambia daktari kabla ya kung'olewa.

Maumivu yatulizwe kabla ganzi haijaisha, nayo huisha baada ya saa chache tu. Kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine, ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, pamoja na parasetamoli, yaani vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, bila kupita vidonge vinane katika saa 24, hutuliza maumivu haya vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za namna hiyo, au mimba, aiache ibuprofeni atumie parasetamoli peke yake mpaka azungumze na daktari. Aspirini usiimeze kwa ajili hii, kwa kuwa huzuia damu isigande, wala usiisage na kuiweka juu ya ufizi, kwani huuchoma.

Uvimbe wa shavu utaongezeka hadi siku ya pili au ya tatu ndipo uanze kushuka. Siku ya kwanza na ya pili weka kitu cha baridi juu ya shavu kwa dakika 15 au 20, kisha pumzisha kwa muda kama huo. Usipokuwa na friji, kitambaa kilicholowekwa katika maji ya mtungi na kubadilishwa mara kwa mara kinafaa. Ukilala, inua kichwa kwa mito miwili.

*Mheshimiwa daktari, mimi ni kijana wa Soroti. Ijumaa ijayo nimepangiwa kung'olewa magego mawili. Jumapili yake ni sherehe ya ndoa ya binamu yangu, na wazee wa ukoo watakaa kuzunguka chungu cha ajono. Kwetu kukataa mrija ni kama kuwakataa ndugu. Je, nikinywa kidogo tu kwa upande usio na jeraha kutakuwa na ubaya?*
— Kijana wa Soroti

Ndugu yangu, nimekaa Teso na ninajua uzito wa jambo unalouliza. Wasomaji ambao hawajafika huko wafahamu kwamba ajono ni pombe ya ulezi, hutiwa maji ya moto ndani ya chungu, na wanywaji hukizunguka kila mmoja akivuta kwa mrija mrefu. Sasa tazama mambo yanayokutana hapo: mrija mrefu unahitaji mvuto wenye nguvu, na mvuto hauna upande, maana mdomo mzima huwa kama bomba, tundu la kushoto likivutwa sawasawa na la kulia, joto la kinywaji hulainisha donge na kutanua mishipa ya damu, na pombe yenyewe huchelewesha kupona. Tena, kama daktari amekuandikia metronidazoli, mchanganyiko wake na pombe unaweza kukuletea kichefuchefu, kutapika na moyo kwenda mbio, ndiyo maana huonywa usionje pombe katika siku zote za dawa na kwa siku mbili au tatu baada ya kuimaliza.

Siku ya pili baada ya kung'olewa ni mapema mno. Kama magego hayo hayana usaha wala uvimbe sasa hivi, ombi langu ni kwamba umpigie daktari simu leo akusogezee tarehe hadi baada ya sherehe. Hakuna daktari mwenye busara atakayeona vibaya. Ikiwa yanauma kiasi kwamba hayawezi kungoja, basi ng'olewa, nenda sherehe, kaa kwenye duara pamoja na wazee, lakini mwambie mapema yule mzee anayesimamia chungu kwamba una kidonda kinywani. Pokea bushera, kile kinywaji cha unga wa mtama au ulezi, iliyopoa kwenye kikombe uinywe kwa midomo. Mrija wa aina yoyote, hata ule wa soda, uache kwa wiki nzima. Sigara vilevile, kwa kuwa licha ya kuvuta, moshi wake hubana mishipa midogo inayolisha kidonda. Wavutaji ndio ninaowaona mara nyingi zaidi wakirudi wanalia. Mairungi nayo, yaani miraa, kwa saa nyingi za kutafuna na majani yanayoshindiliwa shavuni, haifai kabisa.

*Mwanangu wa miaka 19 atang'olewa gego wakati wa likizo. Naomba unieleze nitakachompikia, na kama ataweza kunisaidia kazi za shamba.*
— Mama wa Mbarara

Mama, kwa chakula wewe uko mahali pazuri, kwani vyakula vingi vya nyumbani kwako vimeshakuwa laini. Siku ya kwanza asile chochote mpaka ganzi iishe, maana mtu mwenye ganzi hujing'ata mdomo au kujiunguza bila kujua. Baada ya hapo mpe vitu vilivyopoa: bongo (maziwa ya mgando), uji wa ulezi mwepesi, ndizi mbivu, parachichi lililopondwa. Siku ya pili na ya tatu matoke yaliyopondwa sawasawa pamoja na mchuzi wa karanga zilizosagwa laini humshibisha bila kumtafunisha, na mayai ya kuvuruga humpa nguvu ya kujenga nyama. Vyote viwe vya uvuguvugu. Wali nisingeuharakisha, kwani punje zake hupenda kujificha tunduni, na mahindi ya kuchoma, bisi, nyama ya kuchoma, rolex (mayai yaliyoviringwa ndani ya chapati) yenye chapati ngumu na pilipili vingoje wiki ya pili.

Kama hataweza kufungua mdomo vizuri, usishtuke. Misuli ya taya hukaza baada ya kazi ile, na hulegea yenyewe katika wiki moja hadi mbili. Kuanzia siku ya tatu awe anaufungua polepole mara kadhaa kwa siku, mpaka pale anapohisi kuvutwa, bila kulazimisha, na kitambaa cha joto kwenye shavu kitamsaidia wakati huo.

Kuhusu shamba, apumzike siku tatu nne kamili. Kulima, kubeba jerikeni ya maji na kuinama kwa muda mrefu hupandisha msukumo wa damu kichwani, na kidonda huanza kupwita au kuvuja tena. Anaweza kukumenyea maharagwe akiwa ameketi.

*Daktari, siku mbili za kwanza nilikuwa na nafuu, hata nikarudi dukani kwangu. Siku ya tatu usiku maumivu yalinirukia yakapanda hadi sikioni na kwenye jicho, mdomo unanuka, na Panadol haifanyi kitu. Muuzaji wa duka la dawa amenipa antibiotiki za aina mbili. Bibi naye ameniletea karafuu na tumbaku ya unga nizishindilie ndani. Leo ni siku ya tano.*
— Mfanyabiashara, Tororo

Ndugu yangu, maumivu yako ni ya kweli na hujayakuza. Kalenda yenyewe inaonyesha ni nini. Kidonda cha kawaida huuma zaidi siku mbili au tatu za mwanzo kisha hupungua kila kukicha. Maumivu yaliyoshuka yakapanda tena kati ya siku ya pili na ya tano, yakielekea sikioni, pamoja na harufu mbaya, mara nyingi ni ya tundu kavu, yaani donge limetoka au limeyeyuka kabla ya wakati wake. Gego la chini ndilo linaloathirika zaidi.

Nikueleze ninachokiona mimi nikimulika taa katika mdomo wa mtu wa namna yako. Mahali ambapo pangekuwa na donge jekundu pana shimo tupu, lenye kuta za kijivu, na chini yake mfupa mweupe unaong'aa. Ukiugusa kwa ncha ya chombo, hata kwa wepesi gani, mgonjwa huinuka kitini. Pembeni pana mabaki ya chakula ya siku mbili. Naliosha shimo hilo kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu mpaka yarudi meupe, nalikausha taratibu, kisha naweka ndani yake kipande chembamba cha shashi chenye dawa iliyotengenezwa kwa mafuta ya karafuu. Wengi hupata nafuu kabla hawajatoka mlangoni, na nimewahi kumwona mtu mzima akilala usingizi palepale kwenye benchi la kungojea, kwa kuwa hakuwa amelala siku tatu. Dawa hiyo hubadilishwa baada ya siku moja au mbili mpaka maumivu yaishe. Kazi hii ni ya dakika chache na haihitaji kifaa cha ajabu, kwa hiyo nenda leo kwenye hospitali ya wilaya yako au kituo cha afya chenye afisa wa meno.

Bibi yako, basi, hakukosea kuhusu karafuu. Hekima hiyo na ya kliniki zimekutana. Alichokosea ni kuzishindilia nzima, kwani vipande vyake hubaki ndani vikioza, na mafuta yake yakitiwa ovyo huunguza nyama. Tumbaku usiitie kabisa, hata kwa heshima ya bibi.

Antibiotiki hizo ndizo zinazonisikitisha. Tundu kavu si ugonjwa wa vijidudu uliosambaa mwilini, ni mfupa uliokosa kifuniko, na vidonge havifuniki mfupa. Umetumia fedha, tumbo lako litavurugika, na kila dozi inayomezwa bila sababu huwafundisha vijidudu namna ya kuishinda dawa ile siku utakapoihitaji kweli. Kama daktari mwenyewe alikuandikia antibiotiki kwa sababu gego lilikuwa na usaha, zimalize kama alivyoagiza. Za kununua kwa kubahatisha, usizinunue.

*Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Baada ya kung'olewa nimeambiwa nisisukutue kwa saa 24, nami ninatawadha mara tano kwa siku. Nifanyeje?*
— Mwalimu, Bombo

Waalaykumu salaam, mwalimu. Hukumu ya madhmadha unaijua wewe kuliko mimi, na nimewasikia masheikh wakieleza kwamba kwa Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, kusukutua mdomo katika udhu ni sunna. Mimi nitasema ya upande wa kidonda: katika siku hiyo ya kwanza usiyazungushe maji mdomoni wala usiyateme kwa kishindo. Ikibidi kutia maji, yawe kidogo, yawe ya baridi, yaingie na kumwagika kwa kuinamisha kichwa tu. Kusujudu nako kwaweza kukuletea kupwita au kuvuja kwa damu katika saa za mwanzo, na hilo ni vyema umuulize sheikh wako kabla ya siku ya kung'olewa.

Saa 24 zikishapita, kusukutua kunageuka kuwa dawa. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu, uyapitishe taratibu upande ule kila baada ya chakula na kabla ya kulala kwa muda wa wiki moja. Mswaki, uwe wa mti au wa dukani, utumie kama kawaida kwenye meno mengine, ila usiukaribishe kwenye tundu kwa siku chache za mwanzo.

*Niling'olewa gego la juu wiki iliyopita. Tangu siku ile nikinywa maji mengine yanatokea puani. Naona aibu kumwambia mtu.*
— Msomaji wa kike, Arua

Dada, hakuna aibu hapa. Mizizi ya magego ya juu hukaribiana sana na uwazi uliomo ndani ya mfupa wa taya la juu, ambao umeungana na pua, na mfupa unaovitenganisha wakati mwingine ni mwembamba kama ganda la yai. Gego linapotoka, kipande cha ganda hilo huweza kutoka nalo, na njia ikafunguka. Kijinjia kidogo mara nyingi hujifunga chenyewe, lakini kwa kuwa wiki imeshapita na maji bado yanapita, unahitaji kuonwa katika siku mbili hizi, kwani kikubwa hufungwa kwa kushonwa, na kikiachwa huleta maambukizi ya uwazi ule. Mpaka utakapoonwa, usipenge kamasi. Ukijiwa na chafya, ifungulie mdomo wala usiizuie. Usivute kwa mrija, na usipulize kitu chochote, hata moto wa jikoni. Mwachie mwingine kazi ya sigiri.

*Mdomo wangu wa chini na kidevu bado vina ganzi, na leo ni siku ya nane.*
— Mwanafunzi, Gulu

Mwanangu, ganzi ya sindano haiwezi kukaa siku nane. Mshipa wa fahamu unaohisi mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya taya, karibu sana na mizizi ya gego la mwisho, na wako umeguswa au umebanwa na uvimbe. Kwa walio wengi hisia hurudi polepole, ikianza na mchonyoto kama wa sisimizi, katika wiki au miezi. Lakini mrudie daktari wiki hii, ukiwa na picha yako ya eksirei, ili achore mipaka ya sehemu isiyohisi na kuifuatilia, maana ikikawia bila mabadiliko yoyote atahitaji kukupeleka kwa bingwa mapema. Kwa sasa kunywa chai iliyopoa, na ukila jitazame kwenye kioo usijing'ate.

*Leo ni siku ya tano. Uvimbe umeshuka chini ya taya pande zote mbili hadi shingoni, umekuwa mgumu kama ubao. Ninatetemeka kwa homa na mate yananishinda kuyameza. Ningojee miadi yangu ya Jumatatu?*
— Dereva, Kasese

Barua hii ilifika kwa simu, na hatukuingoja ichapishwe. Mhariri alimpigia mwandishi wake saa ileile, akamwambia kwa niaba yangu aende hospitali kubwa iliyo karibu usiku huohuo, akiwa ameketi wima njiani na si kulala chali. Ninaichapisha kwa ajili ya mwingine atakayejikuta katika hali hiyo. Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, unaoshuka shingoni, unaoinua ulimi, pamoja na homa na kushindwa kumeza, ni maambukizi yanayoweza kuziba njia ya hewa kwa muda wa saa chache. Hapa hakuna chumvi, hakuna barafu, hakuna duka la dawa; panahitajika dawa za kupitishwa kwenye mshipa, daktari wa kuufungua uvimbe, na watu wanaojua kulinda pumzi ya mgonjwa. Akishindwa kupumua vizuri au sauti yake ikibadilika, ahesabiwe kuwa wa dharura sawa na aliyepata ajali barabarani.

Ndugu huyo alilazwa, usaha ukatolewa kwa njia ya chini ya kidevu, na wiki mbili baadaye alituandikia tena kwamba anaweza kupitisha vidole viwili kati ya meno yake, akauliza ni lini atatafuna nyama. Jibu langu kwake ni hili: upande usio na jeraha, daktari wake akiridhia, hata wiki hii, ikiwa imekatwa vipande vidogo na kuchemshwa ikalainika, upande wenye tundu, angoje mpaka akipitisha ulimi pale asikute tena shimo lenye kingo kali, bali ufizi laini uliojifunga.